Shahada ya Mkono



Liko swali ambalo akina mama wa Pwani huulizana wakiwa peke yao, na ambalo ni nadra kulisikia mbele ya wanaume. Yule kijana mwenye koti jeupe aliyeingia chumba cha kuzalia, alikuwa nani? Alikuwa daktari, alikuwa mkunga, au alikuwa mwanagenzi aliyeletwa kujifunza? Na kama alikuwa mwanagenzi, ni nani aliyeshuhudia kwamba mkono wake ulikuwa tayari kutugusa?

Sisi tuliojifungulia hospitalini twaijua hali hii bila ya kusimuliwa. Pazia hufunguliwa bila ya hodi. Watu watano husimama miguuni pa kitanda, mmoja akaeleza, wa pili akaandika, wa tatu akaambiwa apime njia imefunguka kiasi gani, kisha wa nne naye apime ili alinganishe. Utungu haumpi mtu nafasi ya kuuliza majina. Wengi wetu tulifumba macho tukamwachia Mwenyezi Mungu. Wako waliorudi nyumbani na watoto wazima mikononi, Alhamdulillahi, lakini wakaapa kwamba mimba ya pili hawaipeleki hospitali.

Kiapo hicho ndicho kinachotutia hofu. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba nchini Kenya hufa akina mama 355 kwa kila vizazi hai 100,000, kwa sababu zinazohusiana na mimba na uzazi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 nao ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 21 hawafikishi umri wa mwezi mmoja. Damu inayomwagika baada ya kuzaa ni miongoni mwa wauaji wakubwa wa mama, na inaweza kummaliza kwa muda mfupi, kabla hata gari halijapatikana. Mwanamke anayeikimbia hospitali kwa kuiogopa fedheha huenda akakosa msaada katika saa ambayo hakuna msaada mwingine. Hatutaki binti zetu walazimike kuchagua baina ya sitara na uhai.

Hata hivyo, insafu yatutaka tuseme upande wa pili. Hakuna aliyezaliwa mkunga. Sisi wenyewe ndio tunaosema kila siku kwamba twataka wanawake wenzetu watuhudumie, na kwamba ingekuwa stara kubwa lau mabinti wa Kiislamu wangejaa katika wodi za wazazi. Mabinti hao hawana budi kufundishwa. Basi swali lageuka: watajifunzia juu ya mwili wa nani?

Tumelitafakari swali hili kwa muda, na njia ya kulijibu tumeiona ndani ya neno ambalo sote twalitumia. Karatasi anayopewa mhitimu twaiita shahada. Neno hilo hilo ndilo tunalolitumia kwa ushahidi, na ndilo la kwanza katika nguzo za dini yetu. Shahada ya chuo, kwa hiyo, ni ushahidi: kuna mtu amesimama akasema, mimi namshuhudia huyu kwamba anaijua kazi hii. Na katika sheria yetu shahidi hakubaliwi kwa kudhani. Hushuhudia alichokiona au alichokijua kwa yakini.

Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, Mtume wetu (S.A.W.) amefundisha kwamba mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, huyo ndiye mdhamini wa madhara atakayoyasababisha. Tuyatazame mafundisho haya vizuri. Sharti lililotajwa ni kujulikana. Zamani katika mitaa yetu kujulikana kulikuwa jambo jepesi. Bibi mkunga hakuwa na karatasi, lakini mtaa mzima ulikuwa shahidi wake. Ilijulikana ni nani aliyemfundisha, aliwazalisha akina nani, na ni mara ngapi alisema mapema kwamba jambo hili limenishinda, mpelekeni hospitali. Leo anayetuzalisha huenda anatoka kaunti nyingine, ameletwa jana, na kesho atahamishwa. Hatumjui wala hatujui. Karatasi ndiyo inayojaribu kutufanyia kazi iliyokuwa ikifanywa na mtaa.

Waislamu waliliona hitaji hili zamani sana. Mwaka 931, kwa hesabu ya Miladi, Khalifa al-Muqtadir wa Baghdad aliletewa habari ya mgonjwa aliyekufa kwa kosa la tabibu. Akaamuru kwamba pasiwe na mtu wa kutibu watu mjini humo ila baada ya kutahiniwa na Sinan bin Thabit, aliyekuwa mkuu wa matabibu. Mamia ya matabibu walikaa mbele yake. Karibu na zama hizo, huko Andalusia, al-Zahrawi wa Qurtuba alitunga kitabu chake kikubwa cha utabibu, al-Tasrif, chenye sehemu 30. Ndani yake aliwaeleza wakunga namna ya kumsaidia mtoto aliyekaa vibaya tumboni, tena akachora vyombo vya kazi ili asomaye aone umbo lake.

Lakini mtahini anayeuliza maswali husikia ulimi. Kitabu chenye picha hufundisha macho. Kuzalisha ni kazi ya mkono, na mkono hufanya kazi mahali ambapo macho hayafiki. Mwalimu hawezi kuona vidole vya mwanafunzi wake vimegusa nini. Kwa karne nyingi, njia pekee ya kuufundisha mkono na kuushuhudia ilikuwa ni kuuingiza katika mwili wa mwanamke aliye katika utungu, na mara nyingi alikuwa maskini asiyeweza kusema hapana.

Miongoni mwa waliofungua mlango mwingine alikuwa mwanamke, tena mkunga. Aliitwa Angélique du Coudray. Alipata leseni yake ya ukunga mjini Paris mwaka 1740, baada ya kufundishwa na kutahiniwa. Alipofika katika mikoa ya ndani ya Ufaransa alikuta wanawake wa mashamba wakizalishwa na watu wasiofundishwa, wakiumizwa wao na watoto wao. Wengi wa aliotaka kuwafundisha hawakujua kusoma. Akakata kitambaa na ngozi, akashona, akajaza pamba, na kutengeneza kiwiliwili cha mwanamke kuanzia kiunoni hadi mapajani. Ndani yake aliweka mfuko wa uzazi, na ndani ya mfuko akaweka mtoto wa kitambaa mwenye viungo vinavyokunjika, kitovu na kondo la nyuma. Kamba na mikanda zilifanya njia ibane na kulegea. Sifongo zilizolowekwa ziliachia maji ya rangi, yakawa mfano wa chupa iliyopasuka na wa damu inayotoka. Yeye aliiita mashine yake.

Madaktari wa upasuaji wa Paris waliichunguza na kuikubali. Mwaka 1759 Mfalme Louis wa 15 alimpa hati ya kuzunguka nchi nzima na kufundisha, na mwaka huo huo akachapisha kitabu chake cha mafunzo ya uzazi. Kwa zaidi ya miaka 20, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1780, alikwenda mji kwa mji. Darasa lilichukua kama miezi miwili. Kila mwanafunzi alisogea mbele ya mashine, akamgeuza mtoto aliyetangulia bega, akamtoa aliyetangulia matako, akakosea, akarudia, na mwalimu akiona. Maelfu ya wanawake walipita mikononi mwake. Mashine mojawapo ipo mpaka leo katika jumba la makumbusho ya utabibu mjini Rouen, na anayeiona huona ushoni wa mkono wa mwanamke, sindano baada ya sindano.

Hapa ndipo tulipopata tulichokuwa tukikitafuta. Mbele ya mashine ile, shahidi aliweza kuona. Mwalimu aliyesema mwanafunzi huyu anaweza kumgeuza mtoto, alikuwa amemwona akimgeuza. Na hakuna mwanamke aliyefunuliwa ili ushahidi huo upatikane.

Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza kuhusu hukumu ya sanamu. Swali hilo lina haki yake, na mwenye shaka na awaulize masheikh wake. Sisi twakumbusha lililo mashuhuri. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere, akicheza nao pamoja na wenzake nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), naye hakumkataza. Wanazuoni wengi walichukua ruhusa hapo, na miongoni mwao wamo walioeleza hekima yake kuwa ni kuwazoeza wasichana malezi ya watoto. Ikiwa mwanasesere ameruhusiwa ili msichana ajizoeze kumbeba mtoto, twaona mwanasesere wa kumzoeza mkunga kumtoa mtoto salama ana hoja yenye nguvu zaidi.

Katika zama zetu fikra ya bibi yule imerudi kwa sura mpya. Åsmund Laerdal wa Stavanger, Norway, alikuwa mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto. Mwaka 1960 alitoa mwanasesere wa ukubwa wa mtu mzima wa kufundishia namna ya kumpulizia pumzi mtu aliyezimia. Baadaye kampuni yake ilitengeneza vifaa vya uzazi kwa ajili ya nchi zenye uwezo mdogo. Kimoja huitwa MamaNatalie. Hicho ni tumbo la kuvaa: mkunga mmoja hujifunga kama anavyojifunga mkoba, akakaa kitandani akaigiza mzazi. Kwa mikono yake, aliyoificha nyuma ya tumbo, humsukuma mtoto, hutoa kondo la nyuma na huachia damu ya bandia. Akiachia nyingi, mwenzake hana budi kulikanda tumbo mpaka mfuko wa uzazi ukaze. Asipolikanda ipasavyo, damu haikomi.

Uzuri wa chombo hiki ni kwamba anayeigiza mzazi husema. Hulia, huuliza, hukataa. Mwanafunzi hujifunza kujitambulisha, kuomba idhini kabla ya kugusa, kufunika sehemu isiyohitajika kuonekana. Mkunga aliyewahi kulala pale akaguswa bila ya kuambiwa, hata kama ni juu ya tumbo la plastiki, hurudi wodini na adabu nyingine. Sisi tunaodai sitara hatuna budi kuuthamini mlango huu.

Basi je, mtu akishafunzwa kwa mwanasesere akapewa cheti, tumwamini? Jirani zetu wa Tanzania wametupa jibu, na jibu lenyewe si la kutuliza. Mwaka 2010 wahudumu wa hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila ya kupumua. Mtoto kama huyo hupanguswa, husisimuliwa mgongo, na asipovuta pumzi hupuliziwa hewa kwa mfuko na kinyago, yote hayo ndani ya dakika ya kwanza. Miezi saba baadaye walipimwa tena mbele ya mwanasesere, wakafanya vizuri kuliko walivyokuwa kabla ya mafunzo. Lakini walipotazamwa katika chumba cha kuzalia, na watoto wa kweli, kazi yao haikuwa imebadilika. Cheti kilikuwepo, mtihani waliupita, na mtoto wa kweli hakufaidika.

Hospitali ile haikuwatupa wanasesere wala haikuwatukana wakunga. Iliwaleta wanasesere karibu na chumba cha kuzalia, ikaweka mazoezi mafupi ya dakika chache kila wiki, na marejeo marefu kidogo kila mwezi. Mazoezi yakawa sehemu ya kazi. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015, na njia hiyo, pamoja na vifaa vingine, imekwisha kupelekwa katika hospitali 30 za mikoa mitano ya Tanzania.

Somo lake twalielewa bila ya kuwa madaktari. Aliyehifadhi Qur'ani akaacha muraja'a huipoteza, na ijaza yake ikabaki ukutani. Ushahidi una tarehe. Anayeshuhudia kwamba mkono ulijua kazi mwaka juzi hakushuhudia kwamba waijua leo.

Na tuwafikirie wenzetu wa visiwani na wa vijiji vya mbali. Katika zahanati ya Pate au ya ndani ya Tana River, muuguzi huenda akamaliza miezi mingi bila ya kuona damu iliyokataa kukoma au mtoto aliyekwama bega. Vizazi ni vichache, na vyenye taabu ni vichache zaidi. Siku vinapokuja, bahari imechafuka, mashua haitoki, na muuguzi yuko peke yake. Hospitali kubwa ya mjini mkono hukumbushwa na kazi yenyewe. Kule mbali mkono husahau kwa kukosa kazi. Kwa hiyo mwanasesere anahitajika zaidi kule kuliko mjini, ijapokuwa ni mjini, katika vyuo na hospitali kubwa, ndiko vifaa hivi vinakofikia kwanza.

Kutokana na haya, kuna mambo ambayo twaona familia zetu zinaweza kuyashika.

La kwanza ni kuuliza, kwa adabu na bila ya kuona haya. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe na atoe ridhaa yake. Mwanamke ana haki ya kujua jina la anayemhudumia, kama ni mwanagenzi, na nani anamsimamia. Ana haki ya kusema, napenda mmoja tu anipime. Kwa kuwa mwenye utungu hana nguvu ya kusema, mama yake, dada yake au mumewe alijue neno hili kabla ya siku yenyewe. Leseni za wauguzi na wakunga hutolewa na Baraza la Wauguzi la Kenya, na huhuishwa kwa muda maalumu. Kuuliza habari ya leseni si tusi. Mwenye nayo huionyesha kwa fahari.

La pili ni kumkubali mwanagenzi aliyekuja kwa mlango wake. Akijitambulisha, akiwa na msimamizi wake, akiwa amekwisha kuuzoeza mkono wake kwa mwanasesere, tumfungulie. Binti huyo ndiye atakayemzalisha mjukuu wetu. Tukiwafukuza wote tutabaki tukilalamika kwamba hakuna wanawake wa kutuhudumia, na tutakuwa sisi tuliowazuia.

La tatu ni kuwapeleka binti zetu. Chuo cha mafunzo ya utabibu cha KMTC kina matawi hapa Pwani: Mombasa, Kilifi, Msambweni, Lamu. Masafa si udhuru tena kama yalivyokuwa kwa mama zetu. Baba anayetaka mkewe ahudumiwe na mwanamke Mwislamu, na asomeshe binti.

La nne ni sadaka. Tumezoea kutoa misahafu, majeneza na visima, na Mwenyezi Mungu awalipe wanaotoa. Mwanasesere wa uzazi katika zahanati moja, pamoja na makubaliano na msimamizi wa zahanati kwamba utatumiwa kila wiki, nao ni sadaka inayoendelea. Na ikiwa fedha hazitoshi, tukumbuke kwamba chombo cha bibi yule kilikuwa kitambaa, ngozi na pamba. Wako walimu wa ukunga wanaofundishia mifuko ya uzazi iliyofumwa kwa uzi na kondo la nyuma la kitambaa. Pwani hii haijapungukiwa na mikono ya sindano. Wanawake wanaoweza kudarizi kofia ya vito kwa miezi kadhaa bila ya kukosea tundu hawashindwi na mfuko wa uzazi, wakielekezwa vipimo na mkunga mwenye elimu. Vikundi vyetu vya akina mama vinaweza kuanza na jambo hilo mwezi huu, kwa kwenda kumuuliza muuguzi wa zahanati ya karibu: mnajizoeza kwa nini, na mara ngapi?

Jibu la swali hilo la mwisho, mara ngapi, litatueleza mengi kuliko karatasi yoyote iliyotundikwa ukutani.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awasahilishie wenye mimba, awape afueni waliojifungua, awarehemu waliotangulia wakiwa katika uzazi, na aiongoze mikono ya wanaowahudumia. Amin.

Wabillahi tawfiq.